Begi Moja la Shemeji

Alhamisi usiku. Watoto wamelala, na mimi bado nabishana na mtu ambaye hayupo.

"Shem, sikiliza nikwambie. Mimi nimetua O'Hare, hapa Chicago, na begi moja. Moja! Sikumdai mtu. Mbona nimeweza? Hawa wenzetu wamezaliwa hapahapa, lugha yao, nchi yao, halafu wanasubiri hundi ya babu aliyekufa miaka 150 iliyopita. Mtu ajitume, bwana."

Ndiyo maneno ya Shemeji Kassim, Jumapili, paja la kuku mkononi, kuhusu Wamarekani weusi wanaodai fidia ya utumwa. Meza nzima ikaangua kicheko. Nikamwongeza pilau, nikasema, "Haya Shemeji, kula kwanza." Tangu hapo Zuhura amejifungua (wa kiume, wote wazima, alhamdulillahi) na ofisi imetangaza kwamba tunahamia katikati ya mji, lakini kichwani nina begi tu.

Mnamjua Kassim. Ndiye aliyebeba msiba wa Baba kuanzia tiketi hadi sanda. Angekuwa mropokaji wa mtandaoni ningempita.

Haya, tulifungue hilo begi. Cha kwanza humo ni viza. Kuanzia 1924 Marekani iligawa nafasi za wahamiaji kwa nchi za asili, na Waafrika wakabakiziwa makombo: Tanganyika iliandikiwa watu 100 kwa mwaka. Mgao huo ulifutwa na sheria ya 1965, mwaka mmoja baada ya Sheria ya Haki za Kiraia, mwaka uleule wa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Bunge halikuzinduka lenyewe. Waliolitikisa ni pamoja na vijana walioachiwa mbwa wa polisi kule Birmingham 1963. Cha pili ni nyumba yake ya Skokie, kitongoji cha Chicago. Kassim aliinunua kwa mkopo wa kawaida wa miaka 30, jina lake likaingia kwenye hati tangu siku ya kusaini. Sheria inayomkataza muuzaji kumkataa kwa rangi yake ilisainiwa tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa.

Hapa kwenye hati za nyumba ndipo nilipo mimi kila siku kazini, kwa hiyo vumilieni.

Chukua mtaa wa North Lawndale, magharibi mwa Chicago, miaka ya 1950. Serikali ya shirikisho, kupitia shirika lake la FHA lililoundwa 1934, ilidhamini mikopo ya nyumba nchi nzima, lakini mitaa ya weusi iliihesabu kuwa hatari na ikaikwepa. Bila dhamana hiyo benki nyingi hazikukopesha huko. Sasa dalali anafanyaje? Anamtisha mzungu kwamba weusi wanakuja, ananunua nyumba yake kwa bei ya kutupa, kisha anamuuzia fundi wa kiwandani mweusi kwa bei iliyopanda sana, kwa mkataba wa awamu. Mnunuzi anatoa kianzio, analipa kila mwezi pamoja na riba, analipa kodi ya jengo, bima na ukarabati. Hati inabaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Akikosa mwezi mmoja anaweza kutolewa nje, na alichokwisha kulipa kinapotea chote. Hakuna hisa aliyojijengea, hakuna cha kurudishiwa. Wiki inayofuata nyumba ileile inauzwa kwa mwingine, kianzio kipya.

Ukipekua mlolongo wa umiliki wa nyumba za namna hiyo, unakutana na muuzaji wa kwanza, halafu dalali, au si hata dalali bali namba ya amana kwenye benki fulani, maana Illinois inaruhusu mmiliki halisi kujificha nyuma ya amana ya ardhi. Mikataba mingi ya awamu haikusajiliwa. Mtu aliyelipia miaka kumi haonekani popote kwenye vitabu, kama vile hakuwahi kulala pale. Mwaka 1968 wakazi walianzisha Contract Buyers League, yaani umoja wa wanunuzi wa mikataba hiyo, na wakagoma kulipa. Baadhi walifanikiwa kupunguziwa bei na kupata mikopo ya kawaida, wengine walitolewa na vyombo vyao barabarani huku majirani wakivirudisha ndani kwa mlango wa nyuma. Kesi zao kubwa kwenye mahakama ya shirikisho walishindwa.

Hawa nao hawakujituma, Shemeji? Mtu anafanya zamu mbili ili asikose mwezi mmoja.

Na hili la kujituma ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu walioachwa huru kutoka utumwani walilisema kabla yetu sote. Tarehe 12 Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea mwisho, huko Savannah, Georgia, Jenerali Sherman wa jeshi la Muungano (Kaskazini) na waziri wa vita Stanton waliwaita viongozi wa dini 20 weusi wawaulize wanataka nini. Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mzee wa miaka 67, aliyejinunua yeye na mkewe kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Alijibu kwamba wanataka ardhi, wailime kwa nguvu zao wenyewe, wakae juu yake hadi waweze kuinunua. Kuinunua! Siku nne baadaye ikatoka amri namba 15: ukanda wa pwani kuanzia Charleston hadi mto St. Johns kule Florida, vipande visivyozidi ekari 40 kwa familia. Watu kama 40,000 waliingia, wakapanda. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson, aliyeingia Lincoln alipouawa, alikuwa amewasamehe wenye mashamba wa zamani na kuamuru warudishiwe. Oktoba Jenerali Howard, mkuu wa ofisi ya serikali ya walioachwa huru, alitumwa hadi kisiwa cha Edisto kuwaambia watu kanisani kwamba wafanye mikataba ya kazi na mabwana walewale.

Wakaweka akiba basi. Freedman's Savings Bank, benki ya akiba ya walioachwa huru, ilipewa kibali na Bunge Machi 1865, na wajane, wafua nguo na askari wakapeleka senti zao. Mwaka 1870 sheria yake ililegezwa ili iruhusiwe kukopesha kwa dhamana ya majengo na viwanja, na wakubwa waliokaa kwenye kamati ya fedha wakajikopesha wao na marafiki zao. Msukosuko wa fedha wa 1873 ukaikuta imekauka. Frederick Douglass, mtumwa wa zamani na mpinga utumwa mashuhuri, alikabidhiwa urais wa benki hiyo Machi 1874, akatia na dola 10,000 zake mwenyewe kabla hajajua shimo lina kina gani. Mwaka huohuo ikafungwa, watu zaidi ya 61,000 wakiwa na karibu dola milioni 3 ndani. Baadhi walirudishiwa sehemu, kwa vipande vya miaka mingi. Wengine wengi hawakuona kitu.

Kwa hiyo nikisoma takwimu za Benki Kuu ya Marekani za 2022, kwamba familia ya wazungu iliyo katikati kabisa ya safu ina mali ya dola 285,000 na ya weusi dola 44,900, sioni uvivu pale. Naona vitabu vya benki.

Basi hadi Jumanne nilikuwa nimeshajipanga kumpigia simu nimsomee yote haya bila kuvuta pumzi. Kisha nikakumbuka kipande cha pili cha maneno yake, ambacho wengi hawakukisikia kwa sababu walikuwa bado wanacheka. Aliinama kidogo akaniuliza, "Lakini shem, kweli kabisa, nani alipe? Mimi nilipe? Nilifika 2006."

Hilo si la kuchekwa. Mitch McConnell, wakati huo kiongozi wa wengi kwenye Seneti, alisema la namna hiyo Juni 2019, kwamba hakuna aliye hai leo anayehusika, na yeye ni Mmarekani wa vizazi. Kassim anaendesha lori usiku, hana babu aliyemiliki shamba la pamba Georgia. Kwa nini atozwe?

Jibu langu ni Irene Triplett. Baba yake, Mose, alipigana kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kwanza upande wa Kusini, akatoroka, akaingia jeshi la Muungano. Alimzaa Irene 1930, akiwa na miaka 83. Binti alikuwa na ulemavu, na serikali ikamlipa pensheni ya baba yake, dola 73.13 kila mwezi, hadi alipofariki tarehe 31 Mei 2020. Yaani Shemeji, tangu 2006 hadi 2020, kodi iliyokatwa kwenye mshahara wako imelipa deni la vita vya 1861 hadi 1865, na hukunung'unika hata siku moja. Anayedaiwa ni serikali, na serikali haifi na watu wake. Uraia ulipouapia ulirithi barabara pamoja na madeni.

Serikali hiyo inajua kulipa, tena. Aprili 1862 ilipofuta utumwa Washington, ilitoa hadi dola 300 kwa kila mtumwa, akapewa bwana wake. Mtumwa mwenyewe aliahidiwa hadi dola 100 endapo angekubali kuhama nchi. (Msicheke. Hata Unguja, amri ya 1897 iliweka fidia kwa mabwana.) Mwaka 1988 Reagan alisaini sheria ya kuwalipa Wajapani wa Marekani waliofungiwa kambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, dola 20,000 kila mmoja, na zaidi ya watu 82,000 walilipwa. Ila hapa Kassim angenibana, na angekuwa na haki: wale walikuwa hai, majina yao yapo kwenye orodha za kambi.

Ndiyo maana naiangalia mji wa Evanston, jirani zetu, kuliko ninavyoangalia Washington, ambako mswada wa H.R. 40, unaoomba tume ya kuchunguza fidia tu, umezunguka tangu John Conyers aupeleke 1989. Evanston waliacha utumwa wa 1860 pembeni, wakashika makosa ya mji wao wenyewe. Anayestahili ni mkazi mweusi aliyeishi pale kati ya 1919 na 1969, au mzao wake, au aliyebaguliwa na mji baada ya hapo na anaweza kuthibitisha. Kiasi ni dola 25,000. Fedha zilianza kutoka kwenye kodi ya asilimia 3 ya bangi. Mwanzoni hupewi mkononi, kwa hofu kwamba kodi ya mapato ingeimega: inakwenda benki, kwa muuzaji au kwa fundi wa paa.

Na ikakwama palepale penye vitendo. Duka la bangi lilikuwa moja, kodi ikachuruzika. Wazee waliothibitishwa walipita 100, fedha zikatosha 16, wakapatikana Januari 2022 kwa mipira yenye namba. Wengine waliochaguliwa ni wapangaji, mzee hana nyumba ya kukarabati wala hataki rehani mpya, hadi 2023 wakaongeza fedha taslimu. Mjumbe wa baraza la mji Cicely Fleming, mweusi, ndiye aliyepiga kura pekee ya hapana 2021, akisema huo ni mpango wa makazi uliovishwa jina la fidia. Mwaka 2024 mji ukashtakiwa kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya usawa mbele ya sheria, yaleyale ya 1868 yaliyotungwa kuwalinda walioachwa huru.

California ilichagua njia ya nasaba. Machi 2022 kikosi kazi chao cha fidia kiligawanyika, kura 5 kwa 4, kwamba wanaostahili ni wazao wa watumwa, au wa weusi huru waliokuwa nchini kabla ya karne ya 19 kuisha. Mimi na Kassim hatumo, na ni sawa. Lakini thibitisha sasa. Unaanza na cheti cha kifo cha bibi, unarudi sensa hadi sensa, ukikumbuka kwamba ya 1890 karibu yote iliteketea, hadi 1870, ya kwanza kuwaandika walioachwa huru kwa majina. Ukivuka nyuma hadi 1860 unakuta orodha za watumwa: jina la bwana, kisha mistari. Umri 34, F, B (mwanamke, mweusi). Umri 9, M, M (mwanamume, chotara). Hakuna jina. Huwezi kubahatisha kwa ukoo wa bwana, kwa sababu wengi walichukua ukoo mwingine. Unakwenda kwenye mirathi ya bwana, ambako majina huorodheshwa na bei zao kati ya ng'ombe na vitanda. Na mara nyingi kinachookoa ni daftari za ile benki iliyofilisika: mfungua akaunti aliulizwa alikozaliwa, wazazi, ndugu, pengine hata bwana wake wa zamani. Senti zimepotea, daftari lipo.

Hili ningependa kumwonyesha Kassim, si kwa kumshinda. Anapenda vitabu vya hesabu. Labda siku ya arobaini ya mtoto, kama Zuhura hatatupangia jikoni.

Mama amepiga leo. Anasema dawa zake za presha safari hii zimekuja za njano, zile za zamani zilikuwa nyeupe, kwa hiyo anakunywa nusu "hadi azizoee". Nimemwambia ampe Hamisi simu apige picha ya boksi. Hamisi yuko Tanga hadi Jumamosi.