Zana ninazotumia kudizaini websaiti, na ile picha ya mega nne na nusu

Nilimalizia websaiti ya mama mmoja anayeuza dagaa na mawese, mzigo anaupokelea Kibirizi, hapa Kigoma, halafu anasafirisha Dodoma, Dar na popote anapopata oda. Kwangu huku Mwanga, laptopu mezani, wifi inatembea, ile kazi ilikuwa tamu kinoma. Picha kubwa juu, dagaa wametandazwa juani, nyuma yake ziwa limetulia bluu tupu. Nikajisemea leo nimeua. Nikadandia bodaboda hadi Kibirizi nikamuonyeshe mwenyewe kwenye simu yake.

Shikamoo mama, marahaba, fungua ile linki. Akafungua. Kile kikaduara kikaanza kuzunguka. Tukaongelea bei ya mafuta ya boti, kinazunguka. Akaja mteja akapimiwa kisado chake, akabagein, akalipa akaondoka, kinazunguka tu. Mwisho akanipa simu, "Mwanangu, hili dude lako limekula bando langu na hata dagaa mmoja sijamuona."

Ilipofunguka ikaja aibu ya pili. Maandishi nilikuwa nimeweka kijivu kile cha kistaarabu, si unajua mambo ya kisasa, sasa jua la saa saba pale ufukweni hakuna kinachosomeka, mama wa watu anageuza simu huku na huku, mara aifunike na kitenge, mara anipe mimi nimsomee. Nikarudi nyumbani kimya.

Sasa hizi zana ninazozitaja sio kwamba ni mpya, wengine mnazijua, ila mimi nilikuwa nazitumia kwa starehe badala ya kazi.

Ya kwanza ni Squoosh, imetengenezwa na watu wa Google wa Chrome. Ni ya kubana picha, unaifungua kwenye brauza, unatupia picha yako, inakuonyesha ya zamani kushoto na iliyobanwa kulia na mstari katikati unaouvuta ukilinganisha. Nilichoipendea ni kwamba picha haipandishwi kwenye seva ya mtu, kazi yote inafanyika kwenye mashine yako, kwa hiyo huchomi bando kupandisha mega nne halafu uchome tena kushusha. Ile picha ya dagaa nilikuwa nimeipiga kwa simu, upana pikseli 4000, wakati simu ya mama upana wake ni pikseli 720 basi! Yaani nilikuwa namshushia lori zima mtu anayetaka kisado. Nikapunguza upana hadi 1080, nikachagua WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), ubora 70, ikatoka mega nne na nusu ikawa KB 120 hivi. Nikaikodolea macho kutafuta tofauti, labda magamba kidogo, lakini nani atahesabu magamba ya dagaa.

Ya pili unayo tayari na hulipii. Chrome, bonyeza F12, nenda Network, pale kwenye kasi chagua 3G ili ijifanye ina mtandao wa polepole, halafu weka tiki kwenye Disable cache, hiyo tiki usiisahau la sivyo unajidanganya maana brauza inakupa vitu ilivyokwishavihifadhi wewe unaona mambo yanaruka kumbe ni ya jana. Ukishaweka hivyo fungua tena websaiti yako ukae uisubiri kama mteja. Mimi ilinitoa jasho. Hapo ndipo nikagundua pia nilikuwa napakia fonti uzito (yaani unene wa herufi) wa aina sita, natumia mbili. Fonti za Google unaweza kuzidaunlodi ukaziweka kwenye seva yako kwa WOFF2 (faili la fonti lililobanwa), uchukue nyembamba na nzito tu, na kwa kweli kwa biashara ya dagaa hata fonti ya simu yenyewe inatosha.

Rangi: kuna kipimio cha mtandaoni cha WebAIM, unaweka rangi ya maandishi na ya nyuma kinakupa uwiano, yaani zinavyotofautiana kwa mwanga. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa websaiti kutumika na watu wote, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Kijivu changu cha kistaarabu, #999999 (hiyo ni namba ya rangi) juu ya nyeupe, kilipata 2.85, kimefeli vibaya. Ukishuka hadi #767676 ndio unapita kwa kubahatisha, lakini kwa jua letu hili mimi nimeenda #222222 nikamaliza ubishi.

Figma, ya kuchorea muonekano wa websaiti, kila mtu anaijua sitaijadili sana, ile ambayo Adobe walitaka kuinunua kwa dola bilioni 20 mwaka 2022 halafu dili likafa mwaka uliofuata. Ni nzuri, ila inataka intaneti, na siku ambazo mtandao umegoma mimi nachorea logo na aikoni kwenye Inkscape, bure, ofulaini, inatoa SVG (picha ya mistari, sio ya pikseli) ambayo faili lake ni dogo na halichakai hata ulikuze vipi. Kuandika kodi (ya kompyuta, sio ya TRA) natumia VS Code.

Sasa jambo ambalo sijawahi kuona tyutoriali ya wazungu wakilisema: templeti nyingi zimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Kitufe kimekatwa kwa neno la herufi tatu, wewe unakuja na "Wasiliana nasi" au "Tumeshaipokea oda yako", herufi zinamwagika nje kama mzigo wa Noah. Usikipe kitufe upana maalum, kipe nafasi ya ndani pande zote kikue chenyewe kulingana na neno. Na fonti yoyote kabla hujaipenda iandikie "ng'ombe" na "ng'ambo" kwa ukubwa wa kichwa cha habari, kuna fonti hiyo alama inakaa mbali mpaka neno linakuwa mawili. Halafu weka lang="sw" juu kabisa ya kodi ya ukurasa, ndio inayosema lugha ni Kiswahili, maana templeti inakuja na "en" na kisoma skrini (programu inayowasomea wasioona) kinaamini hivyo kikaanza kusoma Kiswahili chako kama mtalii. Kwenye menyu pia mimi siandiki "Nyumbani", naandika "Mwanzo", mteja mmoja alishawahi kuniuliza nyumbani kwa nani.

Fomu ya mawasiliano nimeitoa kabisa. Nani atajaza jina, imeili na ujumbe ili aulize bei ya dagaa? Nimeweka kitufe kimoja kikubwa cha WhatsApp, urefu pikseli 48 kidole kisikosee, linki ni wa.me halafu mkwaju (/) halafu namba ikianza na 255, bila jumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Wengi wanaibakisha hiyo sifuri halafu wanasema linki mbovu.

Nikarudi Kibirizi. Safari hii nilimkuta anahesabu madumu ya mawese, hakuniangalia hata, akafungua linki kwa mkono mmoja, ikaja kabla hajamaliza dumu la tatu. Akasoma bei mwenyewe pale pale juani, akanikosoa moja ilikuwa imepitwa.

Sasa anataka picha yake mwenyewe akiwa na kitenge kipya iwe ya kwanza juu, na dagaa washuke chini.