Gololi kwenye sakafu ya bafu

Jumamosi moja nilijifungia bafuni na gololi ya mpwa wangu. Mtu mzima na akili zangu timamu. Nikaiweka katikati ya sakafu, nikaiachia. Ikasita kidogo, halafu ikaondoka taratibu kuelekea mlangoni. Tundu la kutolea maji liko upande wa pili kabisa, chini ya dirisha.

Kumbe ndiyo sababu miaka minne nzima sijawahi kuoga bila kutandika tambara mlangoni!

Tulipohamia nyumba hii ya Tabata bafu ndilo lililonivutia. Marumaru nyeupe mpaka darini, zinang'aa hata taa ikiwa imezimwa. Nilichokiona kimepungua ni kioo kikubwa chenye taa pembeni, nikawa nadunduliza hela yake kidogo kidogo. Kisha Mama akaja kutoka Muheza kutibiwa magoti.

Siku ya tatu nikasikia kishindo. Hakuanguka, namshukuru Mungu, ila aliteleza, akashika chuma cha kutundikia taulo, nacho kikang'oka na skrubu zake na vumbi la ukuta. Nikamkuta amekaa juu ya kifuniko cha choo, kile chuma mkononi kama mwenye bakora. "Bafu lako zuri, mwanangu," akasema, "ila halina pa kushika."

Usiku ule sikuangalia picha za vioo.

Fundi alipokuja, gololi yangu ilimchekesha, lakini akatoa pima maji yake na kunionyesha kitu kilekile. "Dada, bafuni kila mita moja sakafu ishuke sentimita moja mpaka mbili kwenda kwenye tundu. Huyu alilaza sawasawa kama sebuleni." Tena zile marumaru za chini zilikuwa za ukutani, laini, nadhani zilibaki wakaona wasizitupe. Nilijiandaa kuambiwa tuvunje bafu zima. Akavunja sehemu ya kuogea tu, kama mita mbili za mraba, akarudishia mteremko, akaweka marumaru zenye mikwaruzo. Rangi haikufanana na zile nyingine. Mwanzo ilinikera, siku hizi siioni.

Kishikio tulitumia bomba la chuma, na skrubu ndefu zilizozama ndani ya tofali, maana zikishika marumaru peke yake yatatokea yaleyale ya taulo. Fundi akauliza kiweke urefu gani. Nikamwita Mama, asimame pale anapoogea, anyooshe mkono bila kufikiri. Mkono ulipogusa ukuta, tukatia alama ya penseli.

Baada ya hapo nikapata wazimu wa kurekebisha. Bomba la mvua lilikuwa linarusha maji pembeni, nami siku zote nalaumu tangi kuwa chini. Maji yetu ni ya kisima, na yanaacha ugaga mweupe kama chokaa kwenye kila tundu. Nikatia siki kwenye mfuko wa mkate (tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, wa mkate nautunza kama hati ya kiwanja), nikauvisha kwenye kichwa cha bomba, nikaufunga na mpira wa nywele hadi asubuhi. Nikasugua na mswaki wa zamani. Maji yakashuka wima, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie.

Kwa kiburi cha ushindi huo nikamwaga siki iliyobaki chooni, na juu yake jiki. Usifanye hivyo. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na mimi niligundua kwa kukohoa hadi machozi, nikatokea barazani na khanga puani. Mama hakuuliza kitu. Alisogea tu kwenye mkeka anipe nafasi.

Harufu ya choo cha wageni nayo, niliyoifukiza udi miezi na miezi, ilitaka kopo la maji. Chini ya lile tundu la sakafuni kuna kona ya bomba inayobakiza maji, na hayo maji ndiyo yanayoziba hewa ya shimo isipande. Hakuna anayeoga kule, kwa hiyo yalikauka. Sasa kila Ijumaa namimina kopo moja.

Ukungu wa darini ulikuwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nafunga dirisha baada ya kuoga ili mbu wasiingie. Fundi akapigilia wavu wa mbu, dirisha linashinda wazi, na dari nililolisugua halijarudia weusi.

Hela ya kioo imeishia kwenye sakafu. Nimebaki na kile cha zamani, chenye ufa kwenye kona, kinachonigawa sikio.

Mama amerudi kwenye kliniki ya magoti mara mbili, na anaoga mwenyewe bila kuniita. Kishikio amekigeuza kamba: asubuhi nakuta ametundika kanga mbili na taulo. Nikamwambia, "Mama, kile si cha nguo." Akanijibu kwamba goti likimshika atadaka chuma na kanga zake kwa pamoja.