Farasi si ng'ombe: wiki zangu za kwanza na Sajini

Sajini nilimnunua mwezi wa tatu mwaka jana, farasi aliyestaafu mbio pale Ngong Racecourse, dume aliyehasiwa, miaka tisa, rangi ya kahawa na baka jeupe kipajini. Mimi naishi upande wa Njoro, ng'ombe wa maziwa nimefuga tangu ujana wangu, na mpango ulikuwa wikendi na sikukuu nimpeleke Nakuru watoto wapande kwa pesa kidogo, kwa hivo nikajiambia mifugo naijua, farasi atanishinda nini. Naandika haya kwa yeyote aliye na ng'ombe na anafikiria kununua farasi, manake ile kujua ng'ombe ndo karibu imuue Sajini wangu.

Alishuka kwenye lori jioni, ametoa jasho shingo yote, nikamwingiza kwenye banda safi lenye nyasi chini na maji, nikaenda kulala nikijua nimemaliza kazi. Usiku kucha alilia. Alikuwa anazunguka tu, anasimama mlangoni, anaita, anazunguka tena, asubuhi nakuta amechimba mfereji kwa kwato na chakula hajagusa. Siku ya tatu mbavu zimeanza kuonekana. Mama watoto ndo alisema tumtafute mzee mmoja wa hapa karibu aliyekuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye mazizi ya farasi wa mbio miaka mingi, nikamfuata kwake nikamweleza. Alipofika hakumshika farasi kwanza, alisimama tu mlangoni anamwangalia, alafu akaniuliza, "Kijana wangu, huyu rafiki yake ni nani?" Nikamwambia mzee, yuko peke yake. Akatikisa kichwa. Akanieleza huyu ni mnyama wa kundi, maisha yake yote amelala akisikia wenzake wakitafuna pande zote mbili, sasa akiwa peke yake gizani anaona kama kuna kitu kitakuja kumla na hakuna wa kumwamsha. Farasi wa pili sikuwa na pesa, tukamtolea mbuzi jike mmoja kwenye zizi letu. Siku ya kwanza walitazamana tu, ya pili mbuzi amelala katikati ya miguu ya Sajini, na usiku huo ndo nilisikia kwa mara ya kwanza anatafuna nyasi polepole bila kusimama.

Kuhusu chakula, mzee alikuja na futi ya fundi cherehani. Alimpima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, sentimita 185, alafu urefu kutoka bega mpaka mwisho wa makalio, 160. Unazidisha 185 kwa 185, unazidisha tena kwa 160, unagawa kwa 11,880, unapata kama kilo 461, na farasi anataka karibu asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, hivo kilo tisa za nyasi kavu. Beli zangu za nyasi aina ya boma rhodes ni kilo 13 hivi, kwa hiyo ni kama theluthi mbili ya beli, na sio unamrundikia mara moja kama ng'ombe, tumbo la farasi ni dogo, anataka kula kidogo kidogo karibu siku nzima. Kule kwenye mbio alizoea nafaka nyingi, hiyo tuliipunguza polepole kwa siku kumi huku nyasi zikiongezeka. Alafu chakula cha kuku na cha ng'ombe weka mbali kabisa na kufuli, kuna dawa inachanganywa kwenye baadhi ya hivyo vyakula, kuku na ng'ombe haiwasumbui lakini farasi inamuua moyo.

Sasa lile kosa. Wiki ya nne mvua zimeanza, kupe wamejaa, na siku ya kunyunyizia ng'ombe ilipofika nikamnyunyizia na Sajini, dawa ile ile, bomba lile lile, sikumuuliza mtu. Dawa yenyewe ni amitraz, ile ya kawaida tunayotumia huku wote. Kesho yake jioni namkuta amesimama kichwa chini kama mlevi, nyasi za asubuhi ziko vile vile, anageuka anaangalia ubavu wake, na bandani hakuna kinyesi hata kimoja. Nikampigia mzee, akaniambia weka sikio kwenye ubavu, pale nyuma ya mbavu, unasikia nini? Nikaweka sikio. Siku zingine pale unasikia ngurumo kama ya mvua ya mbali, maji yanapita, inanyamaza kidogo inaanza tena. Siku hiyo kulikuwa kimya. Nilihama upande wa pili, kimya pia, nikasikia tu moyo wake na huyo mbuzi akihema pale chini.

Daktari wa mifugo alifika saa tatu usiku. Akaniuliza umempaka nini, nikamwambia ukweli, akasema hiyo dawa kwa farasi inalaza utumbo, chakula kinasimama ndani na kukauka, na farasi hana uwezo wa kutapika kwa hivo kilichoingia lazima kipite chini au kimuue. Tulimwosha kwa sabuni na maji mengi kutoa dawa iliyobaki kwenye ngozi, akapigwa sindano ya maumivu, akapitishiwa mpira puani mpaka tumboni na kumiminiwa mafuta ya parafini ya dawa lita nne. Chakula hakuna mpaka anye. Akitaka kujibwaga na kubiringika tunamtembeza polepole, mimi na mzee kwa zamu, mvua inanyesha, tumevaa magunia. Kila baada ya muda naweka sikio. Saa kumi alfajiri nikasikia kitu kama tone linaanguka kwenye mtungi, moja, alafu kimya, alafu lingine. Nilimwita mzee asikie na yeye. Kinyesi cha kwanza kilitoka saa nane mchana, kigumu, kimefunikwa na ute na mafuta, na sioni aibu kusema nilitoa machozi.

Tangu siku hiyo nina daftari. Naandika amekunya mara ngapi, kawaida ni mara sita mpaka kumi kwa siku, na maji amekunywa ndoo ngapi, chini ya lita 25 naanza kuuliza kuna nini. Kupe nawatoa kwa mkono, masikioni na chini ya mkia, na daktari alinipa dawa nyingine ambayo farasi anaistahimili. Kwato zinachongwa kila wiki sita mpaka nane. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika ni kila mwaka bila kukosa, huo ugonjwa unaletwa na visubi na wanauma zaidi jioni na alfajiri, kwa hiyo kabla jua halijazama Sajini yuko ndani na hatoki mpaka kupambazuke vizuri. Mzee alinifundisha kila asubuhi niangalie yale mashimo mawili juu ya macho, yakianza kujaa na kuvimba usingoje kesho, piga simu kwa daktari. Na kipimajoto ninacho changu, digrii 37.5 mpaka 38.5 ndo sawa.

Kazi ya watoto tulianza mwezi wa nane, nusu saa nusu saa, anapumzika kivulini. Mbuzi lazima aje naye, tukimwacha Njoro Sajini hapandi kwenye lori. Shida niliyonayo saa hii ni kwamba mbuzi ana mimba, imebaki kama wiki tatu, na naogopa kitoto kikanyagwe usiku. Mzee amesema niweke wavu katikati ya banda, wasitengane ila kitoto kiwe upande wake, na jana tumeufunga. Asubuhi nimekuta wote wawili wamelala wameegemea ule wavu, kila mmoja upande wake.