Muuguzi wa Jamii Apewe Mamlaka ya Kuamua

Mijadala ya kuunganisha huduma kwa ajili ya wazee, wenye ulemavu na wagonjwa wa muda mrefu huelekea haraka kwenye kamati, mifumo ya kompyuta na makubaliano baina ya taasisi. Hayo yote yana nafasi yake. Hata hivyo, kwa maoni yangu huduma huungana pale tu anapokuwepo mtu mmoja anayemfahamu mgonjwa, anayefika nyumbani kwake mara kwa mara, na mwenye mamlaka ya kuchukua hatua kwa kile alichokiona. Mtu huyo, mahali pengi, anaweza kuwa muuguzi wa jamii.

Tumfikirie mzee anayeishi peke yake, mwenye shinikizo la damu na maumivu ya magoti. Kliniki moja imempa enalaprili, dawa ya kushusha shinikizo la damu, nyingine ikamwongezea dawa ya kukojoza, na magoti yalipozidi kumsumbua akaenda duka la dawa akanunua ibuprofeni. Kila aliyemhudumia alitimiza wajibu wake kwa kadiri alivyoona, ilhali dawa hizo tatu zikitumiwa pamoja zinaweza kudhuru figo, hasa kwa mzee ambaye hanywi maji ya kutosha. Hatari hiyo ataigundua yule atakayeketi naye, akaomba kuoneshwa dawa zote zilizomo ndani, zikiwemo zile ambazo hazikuandikwa na daktari, akazipanga mezani na kuzisoma moja baada ya nyingine. Mara nyingi hapo hugundulika pia kwamba dawa moja inamezwa mara mbili kwa sababu imeuzwa kwa majina mawili tofauti.

Hali ni hiyo hiyo kwa vidonda vya mgandamizo vinavyowapata wanaolala muda mrefu bila kugeuzwa. Kabla ngozi haijachubuka, dalili ya mapema ni wekundu usiofifia unapobonyezwa kwa kidole. Lakini kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa, hivyo muuguzi hulazimika kupapasa visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo akitafuta joto, ugumu au maumivu yasiyokuwepo awali. Akiwa hapo ataona pia godoro lililobonyea, na binti wa mgonjwa ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu, naye anaelekea kuwa mgonjwa wa pili.

Swali langu ni hili: akishayaona hayo, anaruhusiwa kufanya nini? Ikiwa kila jambo lazima liandikiwe barua, lipande kwa msimamizi na kusubiri kikao, basi tumempeleka nyumbani kwa watu awe shahidi tu. Namtaka aweze kumpigia daktari simu akajibiwa siku hiyo hiyo, kurekebisha baadhi ya dozi kwa kufuata mwongozo, kuagiza godoro au kigari cha kutembelea, na kumpa rufaa mgonjwa moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii.

Wazo hili si geni. Mwaka 1859, mjini Liverpool, mfanyabiashara William Rathbone alimwajiri muuguzi Mary Robinson, aliyekuwa amemuuguza mkewe, ili awahudumie maskini majumbani mwao. Mwaka 1893 muuguzi Lillian Wald alianza kazi kama hiyo New York, na wauguzi wake waliishi katika mitaa ile ile waliyoihudumia. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, tamko la kimataifa kuhusu afya ya msingi, liliwataja wauguzi na wahudumu wa jamii kuwa sehemu ya timu ya afya ya msingi. Uholanzi, tangu mwaka 2006, shirika la Buurtzorg limeendesha timu ndogo zisizozidi wauguzi 12, ambazo hujipangia ratiba na kuamua mambo ya wagonjwa wao bila meneja wa kuwaongoza.

Mamlaka bila muda hayafai kitu. Muuguzi anayepimwa kwa idadi ya vidonda alivyofunga hatafungua mfuko wa dawa, wala hatauliza nani anampikia mgonjwa. Anahitaji pia mafunzo ya afya ya akili na mwenzake mwenye uzoefu wa kuzungumza naye kesi ngumu, kwa kuwa kufanya kazi peke yake ndani ya nyumba za watu kunachosha na wakati mwingine ni hatari.

Nisingependa pia umoja wa huduma uwe kisingizio cha kusambaza siri za wagonjwa. Mtu anaweza kukubali daktari ajue kuhusu ulevi wake na akakataa ofisi ya ustawi isijue. Aulizwe, na jibu lake liandikwe kwenye faili.

Pa kuanzia pawe siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Muuguzi wa jamii apewe taarifa kabla mgonjwa hajaondoka wodini, akiwa na orodha ya dawa zilizosimamishwa na sababu zake, na ziara ya kwanza nyumbani ipangwe kabla gari la kumrudisha halijaitwa.