Sura ya tisa ya kitabu changu cha watoto imekubali!

Imekubali. Jana usiku umeme ulikatika, nikaandika kwa tochi ya simu mpaka mkono ukafa ganzi. Leo asubuhi nimeisoma tena na sioni pa kugusa.

Zubeda wangu wa Busia mnamjua, na Atieno, rafiki yake wa ng'ambo ya mpaka. Machi 2020 shule zinafungwa, mpaka nao unafungwa, yanapita malori tu, tena kwa foleni ya kutwa kucha. Januari 2021 Kenya wanafungua shule zote. Huku kwetu Uganda, kwa kina Zubeda, zikafunguliwa kwa awamu, Juni zikafungwa tena, hadi Januari 2022. Atieno anapanda darasa, Zubeda anapima mukene sokoni na mama yake, wale dagaa ambao ng'ambo huitwa omena. Utamu wa hadithi uko hapo, na hapo ndipo iliponigomea.

Kila nilipowakutanisha wapatane, Bibi anaingia. "Wajukuu zangu, njooni mkae." Nasaha, machozi, kukumbatiana. Nikampeleka Bibi msibani Tororo, akatokea mjomba. Nikamwondoa mjomba, ikaja barua ya baba. Watoto wa jirani ninaowasomea rasimu wakifika hapo huanza kuchezea kandambili zao, na wana haki. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anajua fika kwamba mawaidha ya mkubwa hayaondoi donge la kuachwa nyuma na rafiki yake. Inanikera sana mtoto anapohangaika kitabu kizima, halafu mwishoni mtu mzima anamnyang'anya ushindi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima kuanzia shule za msingi. Basi hao wasomaji wapya wapewe hadithi inayowaheshimu.

Kilichofungua njia ni sweta. Atieno anakuja sokoni na sweta mpya ya shule. Zubeda anaiona sweta kabla ya uso, anaficha chini ya gunia vidole vyake vilivyoganda magamba. Hakuna anayejua pa kuanzia. Atieno anauliza kama mteja yeyote:

"Omena kikombe pesa ngapi?"

"Elfu moja."

"Nipe kimoja."

Zubeda anapima, anasawazisha kwa kiganja, anafunga. Halafu anachota konzi ya nyongeza na kuitia bila kumtazama.

"Umezidisha."

"Ni zako."

Basi! Hakuna samahani hata moja, wala Bibi hayupo. Nilipowasomea leo, hakuna aliyegusa kandambili.

Nimeiandika kwa kalamu, kwenye daftari la jalada gumu, upande mmoja wa karatasi, wa pili nauacha kwa masahihisho. Simu kwa rasimu ya kwanza siitaki tena. Inajifanya inajua Kiswahili kuliko mimi, inabadilisha neno, na ukirudi kulirekebisha wazo limeshakwenda. Kompyuta ibaki kwa kunakili.

Mpango ulikuwa sura ya kumi, baba anarudi na lori lake. Lakini tangu asubuhi Idi, mdogo wake Zubeda, hanipi nafasi. Aliingia darasa la kwanza Februari 2020, akasoma wiki chache tu, shule zikafungwa. Sasa namwona kibandani anajifunza kuandika kwa kunakili majina ya wadeni kutoka daftari la mama. Anajua nani hajalipa mtaa mzima. Je, hadithi yote ikisimuliwa na yeye? Baba asubiri kwenye foleni. Kesho naanza upya sura ya kwanza kwa sauti ya Idi.