Mama Fulani, chagua usita

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, mama zangu na dada zangu.

Zamu ya tafakari wiki hii ni yangu, na mniwie radhi mapema, kwa sababu nitaanza na fundi wa kuchomelea vyuma.

Huku kwetu Mkomani, mjini Lamu, njia fupi ya kwenda shule inapita mbele ya karakana yake. Ni kichochoro chembamba. Punda akija na mzigo wa mchanga, huna budi kujibanza ukutani. Fundi akiwasha mashine ya kukatia chuma, ule mlio unagonga kuta za mawe huku na huku na hauna pa kutokea. Mimi nasikia kelele. Mwanangu wa tatu, ana miaka 9 na ana usonji (autism), anasikia kitu kingine kabisa. Mpaka leo sikijui, ila naona kinavyomfanya: anaziba masikio, anakaa chini katikati ya njia, na wa kumwinua hapo hayuko. Muhula mzima nilimvuta. Nimelia pale, nimeapa pale, nimempiga pale mara mbili, Mwenyezi Mungu anisamehe. Wapita njia nao kila mmoja na lake. "Mpelekeni akasomewe." "Mama yake kamdekeza."

Siku moja nikachoka. Sitaki mnisifu, haikuwa hekima. Nilimwachia mkono nikamwambia, "Haya baba, nenda wewe, mimi nakufuata." Akainuka. Akarudi tulikotoka, akateremka mpaka Usita wa Pwani (usita kwetu ni njia ya mjini), akapita kwenye mashua akizigusa kamba moja moja, akapanda kwa upande wa Ngome, tukafika. Tulichelewa dakika 12. Chozi halikumtoka.

Nililiweka lile moyoni kama ujanja wa mama na mtoto wake, basi. Hadi siku ile darsani iliposomwa hadithi kutoka Sahihi Muslim, aliyoipokea sahaba Anas, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Kulikuwa na mwanamke Madina "katika akili yake mna kitu". Akamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia: Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, nina haja nawe. Mtume akamjibu: Mama Fulani, tazama njia yoyote uitakayo, nikutimizie haja yako. Akasimama naye katika mojawapo ya njia hizo mpaka yule mwanamke akamaliza haja yake.

Basi. Hadithi ni hiyo tu, fupi hata kuliko foleni ya maji. Lakini mimi usiku ule sikulala.

Kisa cha Abdallah bin Ummi Maktum mwakijua nyote, yule kipofu aliyeteremshiwa Surat Abasa, kisha akawa mwadhini wa Mtume na akaachiwa Madina Mtume alipokuwa safarini. Kila likitajwa suala la walemavu, mawaidha huanzia na kuishia hapo. Si vibaya. Lakini huyu mama wa hadithi ya Anas hatajwi, na watoto wa aina ya mwanangu naona wako karibu naye zaidi. Sisemi alikuwa na usonji. Wapokezi walisema "kitu" wakanyamaza, na mimi sitampima mtu wa Madina kwa vipimo vya leo. Ninachotazama ni namna alivyotendewa.

Kwanza, kaitwa Mama Fulani. Sisi wa pwani hatuhitaji kufasiriwa hapo. Hakuitwa kwa kile kitu kilichokuwa katika akili yake, aliitwa kama mtu mzima mwenye heshima zake. Mwanangu hapa mtaani ana majina matatu, na hakuna hata moja nililompa mimi.

Pili, njia. Neno lililotumika kwa Kiarabu ni la njia za mjini, zile za kupita baina ya nyumba na nyumba, na kwa Kiamu changu, Kiswahili cha Lamu, ningelisema hivi: Mama Fulani, angalia usita uutakao. Mtume ndiye mkuu wa mji, ana wajumbe, ana vita, ana watu wanaomngoja. Angeweza kusema njoo msikitini baada ya Alasiri, na hakuna ambaye angemlaumu. Akamwachia yeye achague mahali. Imam Nawawi, katika kitabu chake cha kuifafanua Sahihi Muslim, anaeleza kwamba alisimama naye katika njia inayopitwa na watu, si faraghani. Kwa hivyo watu waliwaona. Hapa mimi hujiuma kidole, kwani ni nyumba ngapi za mji huu zenye mtoto aliyefichwa ghorofani, mgeni akipiga hodi yeye hupandishwa juu? Na mimi nimo. Harusi ya mdogo wangu nilimwacha ndani na msichana wa kazi, nikawaambia watu ana homa.

Tatu, "mpaka akamaliza". Aliyemaliza ni mwanamke. Haja yenyewe ilikuwa nini, Anas hakutwambia. Ilisitiriwa.

Sasa niingie panapouma.

Shule ya kwanza tuliyompeleka, siitaji jina, walikaa naye wiki tano. Kisha nikaitwa. "Mama, mtoto wako anasumbua wenzake, mtafutie shule yake." Shule yake! Kama kwamba ile iliyo hatua mia mbili kutoka mlangoni mwetu ni ya mwingine. Nikarudi nyumbani na begi lake, wakaja wa kunipa pole, na karibu wote walinambia neno moja: subiri, ni mtihani. Nikasubiri mwaka mzima. Tulikunywa kombe, yale maji ya aya za Qurani, tukasoma Yasini, na sijuti, dua ni silaha ya muumini. Ila ule mwaka mtoto alikuwa ndani, anapanga makombe ya pwani kwa ukubwa sakafuni, wenzake wanasoma. Tukiwa tunaita hiyo subira, yule mama wa Madina tumwiteje? Maana yeye hakusubiri kuitwa. Alimsimamisha Mtume na akasema nina haja nawe, na hakuna alipoambiwa kwamba amekosa adabu.

Baadaye tulivuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi la Malindi, Witu, Garsen, vizuizi vya polisi, yeye kichwa ndani ya mtandio wangu njia nzima, ili akapimwe na watu wanaopima watoto kwa ajili ya masomo. Tukarudi na karatasi mbili. Mwalimu mkuu wa shule ya pili aliangalia mhuri, akaziweka faili. Sijui kama mpaka leo amezisoma.

Mpwa wangu ndiye aliyenisomea sheria, sebuleni, akinieleza kwa Kiswahili polepole kama anayemwambia mtoto. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na ana haki ya kuzifikia taasisi za elimu zilizojumuishwa katika jamii, kwa kadiri inavyoafikiana na maslahi ya mtu huyo. Nilimwambia arudie. Maslahi ya nani? Ya mtu huyo. Haikusema kwa kadiri shule itakavyoona nafasi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo imekataza mtoto kubaguliwa anapotafuta shule, ulemavu ukiwa umetajwa wazi, na kifungu chake cha 36 kimekataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kwa mwili au kwa nafsi. Nilipofika hapo nikakumbuka mkono wangu mwenyewe kwenye kile kichochoro, nikamwambia mpwa wangu tupumzike tunywe chai.

Hata mtaala huu mpya wa umilisi, ambao wazazi tunaulalamikia kwa sababu ya manila na gundi, una njia mbili kwa watoto wenye mahitaji maalumu: moja inafuata umri, nyingine inafuata hatua, mtoto anasogea kwa kile alichokiweza, miaka yake iwe mingapi. Kwa hivyo walioandika mtaala wameshakubali kwamba njia si moja. Anayekataa ni mtu mmoja mwenye ufunguo wa lango.

Na haja yenyewe ya mwanangu si kubwa. Sikuomba jengo. Kengele ya shule ni kipande cha chuma kinachoning'inia, kinagongwa kwa nondo, na yeye alikuwa amekalishwa dirisha la karibu nacho. Niliomba ahamishwe upande wa pili. Niliomba aambiwe mapema kitakachofuata, kwa picha, kwa sababu picha anazishika kuliko maneno. Niliomba aruhusiwe kuvaa vile vizibo vikubwa vya masikio. Mwalimu mkuu akanijibu, "Nikimpa huyu, na wengine watataka." Nikamwambia, wakitaka kukaa mbali na kengele, mwalimu, wape. Kwani kukaa karibu na kengele ni sharti la kusoma?

Hakucheka. Nilitaraji angecheka.

Mji wetu huu haufai kulishangaa jambo hili. Habib Swaleh, yule mwanachuoni wa Riyadha, alikaa upande wa Langoni akawasomesha watu ambao wakubwa wa wakati ule waliona kusomeshwa si haki yao, watumwa na wana wa watumwa. Hakungoja wapande Mkomani. Leo watu wanatoka nchi za mbali kuja Maulidi Riyadha, na tunajivunia. Tujiulize tu, akija leo mtoto anayezunguka zunguka wakati wa kisomo, chuo gani cha Qurani kitampokea wiki ya sita.

Kuna jingine ambalo sikutaka kuliandika, lakini niliahidi nafsi yangu kusema kweli. Binti yangu ana miaka 13. Ndiye anayemjua ndugu yake kuliko mimi. Akilia anajua ni njaa au ni nguo inamkwaruza shingoni. Ndiye anayeenda mbio kwa yule mama mmoja tu ambaye mkate wake wa mofa nduguye anakubali kuula. Nilipomsimulia hadithi ya Mama Fulani alinyamaza, akaendelea kukuna nazi. Kisha akasema, "Mama, na mimi nitachagua usita wangu lini?" Asubuhi zote hizi huzunguka nasi pwani, anachelewa kipindi cha kwanza, anaadhibiwa kwa kuchelewa, na hajawahi kunambia. Nilikuwa nimempa mmoja njia kwa kumnyang'anya mwingine, na sikuona.

Tangu wiki iliyopita binti yangu anapita kwa fundi, njia fupi, na rafiki zake. Babake amebadilisha saa za kazi kwenye mashua ili siku mbili kwa wiki azunguke yeye na mtoto. Hizo siku mbili nalala mpaka saa moja na nusu, alhamdulillahi, nisemeni mtakavyo.

Jumatatu nina kikao tena shuleni, saa nne. Safari hii nimeandika barua, mpwa wangu ameiandika upya kwa kalamu nzuri, na vifungu vimo. Mwalimu wake wa darasa, kijana mdogo kutoka bara, alinipigia simu juzi bila kutumwa na mtu. Aliniuliza, je, akimwacha mtoto aingie darasani ajichagulie dawati mwenyewe, itakuwa vibaya? Nikamwambia hapana, mwanangu, haitakuwa vibaya.

Niombeeni. Na mkituona Jumatatu asubuhi tunashuka pwani badala ya kupanda juu, msituite. Tuna kamba za kugusa.