Nilivyozuia rutuba isitoroke kwenye samadi ya mbuzi na dende

Nilipoanza kuozesha samadi ya mbuzi na dende (simbilisi) kwa ajili ya bustani yangu ya lengalenga (mchicha) hapa Bagira, mjini Bukavu, lililonishughulisha ni kiasi gani cha chakula cha mimea kingebaki humo siku ya kuitumia. Virutubisho vikuu havipotei kwa njia moja. Fosforasi haigeuki hewa. Kadiri lundo linavyonywea, kaboni ikitoka kama gesi, ndivyo fosforasi inavyozidi katika kila kilo inayobaki. Potasiamu huyeyuka na kusombwa na maji. Naitrojeni ndiyo ngumu kuizuia, kwani hupaa ikiwa gesi ya amonia lundo linapokuwa na joto kali, na baadaye, ikishageuka nitrati inayoyeyuka majini, huchuruzika.

Dhidi ya amonia nilitumia mabua makavu ya mahindi na majani ya migomba, yenye kaboni nyingi, nikilenga sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni, ili vijidudu vipate kuitumia naitrojeni hiyo kujenga miili yao badala ya kuiachilia. Matandiko ya banda yaliyolowa mkojo niliyatia yote, maana potasiamu nyingi imo humo. Mama jirani alinishauri nichanganye jivu la makala. Nilimweleza kwa heshima kwamba jivu hupunguza asidi, na asidi ikipungua amonia hupaa kwa kasi zaidi. Jivu hilo nalitia bustanini moja kwa moja, kwenye udongo wetu mwekundu wenye asidi unaolihitaji sana.

Kwetu mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei, na lundo lililoachwa wazi hutoa maji ya rangi ya chai yanayoteremka hadi mtaroni. Huniuma kuyaona, kwa sababu hayo ndiyo potasiamu na nitrati zikienda zake. Langu nililiezeka kwa mabati makuukuu na kulichimbia mfereji upande wa juu.

Joto nalipima kwa fimbo ya chuma: ikichomolewa ikiwa haishikiki, najua lundo linakaribia nyuzi 55 hadi 65, zinazoua mbegu za magugu na vimelea. Kila mgeuzo huifungulia amonia mlango, ndiyo maana nageuza joto linaposhuka tu, na nikisikia harufu ya kuchoma macho naongeza mabua papo hapo. Mboji ikishapoa na kunukia udongo, naiweka chini ya paa hadi wiki ya kupanda.